Marehemu Alikuwa Anaacha Upindo

“Shule huendi.”

“Naenda.”

“Huendi, dada. Utaenda kufanya nini?”

“Kupima watoto. Au siku hizi watoto wanapimwa kwa kukisia, kama mvua?”

Kitinda alilitupa shati alilokuwa amelishika. Lilitua juu ya mlima wa mashati mengine, na mlima ukaporomoka hadi kwenye miguu ya meza. Walikuwa wanabishana tangu asubuhi. Chai waliyomiminiwa ilikuwa bado mezani, imefanya utando juu, na hakuna aliyekumbuka kuinywa.

Sebule ile haikuwa sebule tena. Makochi mawili yalisukumwa ukutani, moja likapandishwa juu ya jingine, na mahali pake pakawekwa cherehani mbili, mashine ya ovaloki ya kufunga kingo karibu na dirisha, na magunia sita ya sare za shule. Sare hizo zilikuwa zimeshonwa, zimepigwa pasi na kupelekwa shuleni kwa mbwembwe. Jana jioni zilirudi zote. Hazikuwaenea watoto. Kola zilikataa kufunga, sketi zilipanda juu ya magoti, na kaptula za darasa la sita hazikuvuka mapaja.

“Hebu niambie tena,” Mama Vipimo alisema. “Ulikata kwa vipimo gani?”

“Vya daftari lako.”

“Daftari langu la lini?”

Kitinda alijifanya anatafuta sindano.

“La kabla shule hazijafungwa. Miezi kumi na moja! Ulidhani watoto wakifungiwa ndani na mifupa yao inafungiwa?”

Hakuitwa Mama Vipimo bure. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa fundi wa sare wa shule ile, na tepu haikuwa ikitoka shingoni mwake hata akienda msibani. Alikuwa na utaratibu wake. Kwenye daftari aliandika mwili wa mtoto ulivyo, bila kuongeza hata nukta. Wakati wa kukata ndipo alipoongeza vidole vitatu vya upindo chini na viwili vya mshono pembeni. Hicho alikiita cha kukua. Cha kukua hakikuandikwa popote. Kilikaa mkononi mwake. Na mkono huo ndio uliomfundisha Kitinda, mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, kushika mkasi.

Aliokota sketi moja akaigeuza ndani nje. “Na upindo uko wapi? Hiki ni kidole kimoja, tena kidole cha mtoto mchanga.”

“Jora lilipanda bei mara mbili, dada. Mipaka ilifungwa, kitambaa kikawa hakiingii. Ningekata kwa upindo wako wa kitajiri, nusu ya sare hizi zisingetoka.”

“Kwa hiyo ukatoa zote, na zote haziendi. Umebana matumizi kweli.”

Hilo la bei Mama Vipimo alilielewa. Alikuwa ameyaelewa mengi tangu arudi. Aliondoka wiki ya tatu ya kufungwa kwa shule, alipopigiwa simu kwamba mama yao ameanguka na kuvunjika nyonga. Alibeba nguo za wiki mbili. Siku ya nne ikatangazwa kwamba, kwa sababu ya ule ugonjwa uliofungisha shule, mtu haruhusiwi kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine, akanasa. Alikaa kule miezi tisa, akimgeuza mama kitandani kama mtoto, akimwosha, akimlisha, na kila Jumapili akipiga simu nyumbani. Kila Jumapili aliambiwa huku kuzuri, wewe muuguze mama, usiwe na wasiwasi.

Aliporudi alikuta chumba cha kazi kule mtaa wa maduka kimerudishwa kwa mwenyewe. Alikuta nyumba yao nayo imerudishwa, wamehamia upande wa pili wa mji kwenye vyumba vya bei nafuu, Kitinda, mume wa Mama Vipimo na watoto wake wawili, wote paa moja. Mume huyo, ambaye kila mtu alimwita Shefu, alikuwa mpishi wa hoteli. Hoteli ilifunga, ikauza mashuka na sahani zake kando ya barabara, na Shefu alipita pale siku moja akaziona sufuria zake mwenyewe zimepangwa chini, mtu anazigonga kwa kidole kuona kama ni nzito. Sasa alikuwa anapiga pasi sare za shemeji yake chumba cha nyuma. Hayo yote Mama Vipimo aliyameza. Nani hakupoteza? Fundi viatu jirani yao wa zamani alipoteza kibanda, mshona magodoro alipoteza akili.

Hata walipomwambia ajitenge siku kumi na nne chumbani, asitoke nje hata dukani, alikubali. Leo ilikuwa siku ya kumi na mbili. Kwa ajili ya sare zilizorudi, siku mbili zilizobaki alisamehewa.

“Sikiliza,” alisema, akiwa ameshalainisha sauti kidogo. “Kosa limefanyika. Mimi siulizi ugomvi, nauliza dawa. Dawa ni kupima upya. Nakwenda kwa Mwalimu Mkuu, namwambia…”

“Nitakwenda mimi!”

“Wewe ndiye uliyeharibu. Atakufungulia geti kwa furaha gani?”

“Dada, nakuomba. Usiende shuleni.”

Mama Vipimo alimtazama. Aliwahi kumwona mdogo wake akiogopa mbwa, akiogopa sindano, akiogopa mitihani. Hofu hii hakuijua.

Ndipo simu ilipolia. Ilikuwa simu ya Kitinda, iliyokuwa inachajiwa karibu na ovaloki, upande wa Mama Vipimo. Kwenye kioo paliandikwa Mwalimu Mkuu.

“Afadhali,” alisema Mama Vipimo. “Tumsikie mteja.”

“Dada, usipokee!”

Alikuwa ameshapokea. Simu ile ilikuwa mbovu, haisikiki mpaka ifunguliwe sauti yote, kwa hiyo akaifungua. Kabla hajasema lolote, mwalimu alianza.

“Fundi, sitaki maneno mengi. Kamati imekaa asubuhi hii. Wanataka kazi iende kiwandani. Mimi nimekutetea. Nimewaambia huyu binti amefiwa, mkono wake haujatulia. Lakini nikuambie ukweli, marehemu dada yako asingetufanyia hivi. Marehemu alikuwa anaacha upindo wa vidole vitatu. Mtoto alivaa sketi miaka miwili, mama yake kazi yake ni kushusha tu. Mungu amlaze mahali pema.”

Kitinda alikuwa amejifunika mdomo kwa viganja vyote viwili.

“Na shemeji yako nilimwonea huruma jana alipokuja kuchukua magunia. Amekonda yule mgane, mlisheni. Sasa nakupa mpaka Jumatatu. Ukirekebisha, kuna shule mbili za jirani zinafungua mwezi ujao, wakuu wake wameniuliza fundi, nitakutaja. Usiporekebisha, basi tena, sitakuwa na la kusema. Haloo? Fundi? Uko hapo?”

Mama Vipimo alimsogezea Kitinda simu kinywani, jinsi mtu anavyomsogezea mgonjwa kijiko.

“Nimekusikia, mwalimu,” Kitinda alisema. “Asante.”

Simu ikakatika. Mama Vipimo alisimama nayo. Kwanza alijiuliza, dada gani? Mama yao alizaa wasichana wawili tu. Alihesabu mara mbili, na mara zote mbili akafika kwake mwenyewe.

“Nilikufa lini?”

“Dada…”

“Nauliza tarehe. Mtu akifa anakuwa na tarehe.”

“Mwezi wa tano.”

“Kwa nini?”

“Kwa… kwa huu huu ugonjwa.”

“Nikazikwa wapi?”

“Kule kwa mama. Watu hawakuruhusiwa kwenda mazishini, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.”

“Ulijipanga.” Alirudisha simu kwenye chaji, taratibu, waya ukaingia vizuri. “Mwezi wa tano nilikuwa naosha kidonda cha mgongo cha mama yako kila asubuhi. Kumbe niliosha nikiwa maiti.”

Kutoka chumba cha nyuma, sauti ya pasi ilikuwa imenyamaza. Harufu ya kitambaa kinachoanza kuungua ilitangulia, kisha Shefu akatokea mlangoni na pasi mkononi, kana kwamba ameishikilia asianguke.

“Karibu, mgane,” alisema Mama Vipimo. “Wamesema umekonda.”

“Mama watoto, hebu kaa chini kwanza.”

“Maiti hakai, analala. Wewe ulijua?”

Shefu alitazama pasi.

“Nakuuliza, ulijua?”

“Nilijua. Lakini baadaye. Shemeji alishasema, ndipo akaniambia. Siku ya pili walimu wawili wakaja mlangoni na barakoa, wakasimama mbali, wakaweka bahasha ya rambirambi kwenye ngazi. Ningefanya nini? Ningewaambia mke wangu mzima, rudisheni? Nyumbani kulikuwa hakuna kitu. Watoto walikuwa wanakunywa maji na kulala mchana ili njaa ipite.”

“Ukapokea pole.”

“Nikapokea.”

“Ukalia?”

“Kidogo.”

“Ulilia nini, na unajua niko hai?”

“Nililia aibu.”

“Barakoa ilikusaidia basi, hawakuona mdomo.”

Kitinda alipata nguvu kwa kuona shemeji yake amekuja. Alifuta uso kwa shati la darasa la pili. “Dada, usituangalie kama wezi. Hukuwepo. Kamati ilisema mkataba mpya lazima fundi aje kusaini mwenyewe kabla ya mwisho wa mwezi, asipokuja unakwenda kiwandani. Wewe umenasa, barabara zimefungwa. Ningesemaje? Nimesema umenasa, wakaniambia kila mtu amenasa. Waliokwama walikuwa wengi, dada, hakuna aliyewahurumia. Waliokufa ndio waliohurumiwa. Nilimwambia Mwalimu Mkuu kazi ndiyo urithi pekee ulioacha, akalia, akanipa kalamu.”

Lilikuwa jibu zuri. Mama Vipimo alilipima, akalikuta karibu limtoshe. Ni kweli walikuwa na njaa. Ni kweli barabara zilikuwa zimefungwa. Angekuwa mtu wa kuridhika haraka angeketi pale pale, akalia, wakalia wote watatu, na chai ikapashwa moto. Lakini alikuwa fundi, na fundi akipewa nguo iliyoshonwa na mwingine haangalii rangi, anaigeuza ndani nje.

“Mkataba umeandikwa jina la nani?”

Kitinda alilikunja lile shati la darasa la pili.

“La watoto wangu? La Shefu?”

“Langu,” alisema Kitinda. “Nani mwingine angesaini?”

“Simu ninayo. Mwalimu anayo. Ningeongea naye. Angenisikiliza kwa simu, angenisubiri, miaka kumi na miwili ananijua. Hukunipigia hata siku moja kunieleza kuna mkataba.”

“Mtandao wa kule…”

“Mtandao wa kule ulinitosha kukupigia kila Jumapili ukaniambia kuzuri. Na barabara zilifunguliwa lini?”

Safari hii ni Shefu aliyetazama pembeni.

“Zilifunguliwa mwezi wa nane,” Mama Vipimo alijijibu. “Niliwapigia nikawaambia nakuja. Mkaniambia njia bado mbaya, watu wanarudishwa, subiri. Mama alikuwa anatembea kwa mkongojo, shangazi amekuja kukaa naye, mimi nasubiri. Miezi minne! Na nilipokuja kwa nguvu mkanifungia chumbani siku kumi na nne. Nikadhani mnaogopa ugonjwa.” Alicheka, na cheko lenyewe likamshangaza, maana lilitoka kubwa. “Njaa ndiyo iliyokufanya useme nimekufa, mdogo wangu. Sawa. Lakini njaa haikukukataza kunifufua.”

“Nilitaka sare zipokelewe kwanza! Zikipokelewa, tukishalipwa, ningekwenda kwa Mwalimu nikamweleza kidogo kidogo…”

“Ungemweleza kwamba nimefufuka kidogo kidogo? Mguu wa kulia leo, wa kushoto kesho?”

Shefu alitoa kicheko kabla hajakizuia. Mke wake alimgeukia, kicheko kikafa.

“Dada, damu ni nzito kuliko maji.”

“Damu ikimwagika kwenye shati jeupe inaitwa doa. Na watu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nyinyi mlinila na mifupa, mkapokea na rambirambi.”

Kitinda alipiga magoti. Si kwa kuomba. Alipiga magoti kwenye sare, akaanza kuzipanga, haraka haraka, kaptula na kaptula, sketi na sketi, kama anayeonyesha bidhaa. Na alipozungumza alizungumza vizuri, maana akili hakunyimwa.

“Haya, nimekosa. Nipige ukitaka. Lakini nisikilize kama mfanyabiashara, usinisikilize kama dada. Umesikia mwenyewe: shule mbili zaidi. Shule mbili! Hoteli ya shemeji haifunguliwi leo wala mwakani. Chumba chetu cha zamani bado kitupu, nimepita nimeona. Tukirekebisha hizi mpaka Jumatatu, tunalipwa, tunapata na hizo nyingine, tunarudi mtaa wa maduka, watoto wako wanarudi shule yao. Nitatafuta vipimo mimi, nitakwenda na tepu yako. Wewe utakata hapa hapa ndani. Hakuna anayekata kama wewe. Upindo wa vidole vitatu, vinne ukitaka. Mimi nitapeleka na kupokea. Mwaka mmoja tu, dada. Mambo yakitengemaa tutajua la kusema.”

“Na nikienda sokoni?”

“Soko la upande huu. Kule hakuna sababu ya kwenda.”

“Na barakoa,” alisema Shefu, taratibu sana. “Na barakoa bado zinavaliwa.”

Mama Vipimo alimtazama mwanamume huyu aliyezaa naye watoto wawili. Alikuwa amefikiria. Alikuwa amekaa mahali fulani, pengine nje ya mlango wa chumba alimojitenga, akafikiria jinsi mke wake atakavyokuwa anakwenda sokoni akiwa marehemu, na akagundua kwamba barakoa itasaidia.

Hapo ndipo kitu kilipokatika, na hakikukatika kwa kelele. Kilikatika kama uzi wa chini unavyokatika kwenye cherehani: mashine inaendelea kulia, mguu unaendelea kukanyaga, sindano inapanda na kushuka, na ukiinua kitambaa unakuta hakuna mshono.

Alijua kitakachofuata akienda. Hakujidanganya. Kamati inaweza kuchukua kazi yote ikaipeleka kiwandani kabla ya saa sita. Shule mbili za jirani zitasikia. Hakuna chumba mtaa wa maduka, hakuna shule ya zamani kwa watoto, na jioni nyumba hii itakuwa na watu watatu wasiotazamana usoni na sufuria moja. Upande wa pili kulikuwa na kazi, chakula, na kuinuka. Alichotakiwa kutoa ni kimoja tu: abaki amekufa.

Aliinama akachukua tepu iliyokuwa imening’inia kwenye kiti cha Kitinda. Ilikuwa yake, ile yenye kipande cha bati kilichochakaa mwanzoni. Aliivaa shingoni. Akachukua chaki na penseli.

“Mama watoto, unakwenda wapi?”

“Kupima.”

“Fikiria watoto.”

“Nimewafikiria. Mmoja ana miaka tisa. Siku moja mwalimu yeyote atakutana naye njiani atampa pole ya mama yake, na mtoto atakuja kuniuliza. Nimwambie nini? Nimwambie baba alisema nivae barakoa?”

Kitinda alisimama mlangoni, mikono ameitanua. “Dada, tutakosa vyote! Tutakosa vyote, wewe na mimi!”

“Wewe ondoka mlangoni. Nimekufundisha kukata, sijakufundisha kunizuia.”

Kitinda akampisha.

“Na hizo sare mtu asiziguse,” Mama Vipimo alisema akiwa ameshavuka kizingiti. “Wala hiyo pasi. Inaunguza kitu, naisikia.”

Kwenye duka la pembeni alinunua daftari jipya la kurasa mia mbili. Akapanda pikipiki, akavuka mji. Alipita mtaa wa maduka. Milango sita aliyoifahamu ilikuwa imefungwa kwa makufuli yaliyoshika kutu, na mmoja ulikuwa umefunguliwa, mtu anaupaka rangi mpya ya kijani. Hakumtambua. Aliendelea kuuangalia mlango ule mpaka pikipiki ilipokata kona.

Mlinzi wa shule alikuwa yule yule, mzee mwenye koti la jeshi ambalo Mama Vipimo mwenyewe aliwahi kulitia kiraka cha kiwiko. Alikuwa ameshika kile kifaa cha kupimia joto, kama bastola ya kuchezea.

“Simama hapo, mama. Nikupime kwanza.”

Mama Vipimo alishusha barakoa. “Shikamoo, mzee.”

Mzee alirudi nyuma hatua mbili, mgongo ukagonga geti. “Mama Vipimo?”

“Ndiye.”

“Si… si tulikuchangia?”

“Mlinichangia. Hebu nipime, uone kama maiti ana joto.”

Lakini kwa mzee kazi ni kazi. Alilenga paji la uso, kifaa kikalia. Alisoma, akasogeza mbali na macho, akasoma tena.

“Thelathini na sita na nusu,” alisema kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi. “Mzima huyu.”

“Basi fungua geti.”

Ulikuwa wakati wa mapumziko, na uwanja ulikuwa umejaa watoto waliovaa chochote kilichopatikana: mashati ya kaka zao, magauni ya kanisani, sare za zamani zilizofika kwenye kitovu. Mwalimu Mkuu alikuwa kwenye baraza, ana kikombe mkononi. Aliiona tepu kabla hajauona uso, kisha akauona uso. Kikombe kilianguka kwenye maua.

“Siyo mzimu, mwalimu. Mlinzi wako amenipima.”

Mwalimu alishika nguzo. Alipopata sauti haikuwa ya furaha. “Tulikuchangia. Nilisimama mbele ya kamati nikalia. Nililia mbele ya wanaume, mimi.”

“Naamini.”

“Na wewe ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa namuuguza mama yangu. Nimejua kwamba nimekufa leo, saa nne kasoro, kwa simu uliyopiga. Aliyeipokea ni mimi.”

Mwalimu aliirudia ile simu kichwani. Ilionekana usoni mwake ikipita, neno kwa neno, hadi kwenye upindo wa vidole vitatu. Akafumba macho.

“Mdogo wangu alikudanganya,” Mama Vipimo alisema. “Mume wangu akamsaidia. Hela mlizochanga zililiwa, na waliokula ni pamoja na wanangu. Sina cha kurudisha. Na mkataba si wangu, una jina lake. Sikuja kuuomba.”

“Sasa umekuja kufanya nini? Niambie kwa nini nisiipeleke kazi yote kiwandani sasa hivi, niachane na familia yenu.”

“Ipeleke ukitaka. Lakini kiwanda nacho kitakuuliza vipimo, na huna. Una vya miezi kumi na moja iliyopita.” Alilitoa daftari jipya. “Watoto wako ni mia tatu na kumi na wawili. Nitawapima wote leo, mmoja mmoja, bure. Hivyo ndivyo ninavyoirudisha rambirambi yenu. Na cha kukua nitakiandika, safari hii nakiandika, kila mtoto na chake, asiwepo wa kusema hakujua. Nikimaliza, daftari ni lako. Umpe umtakaye.”

“Hata nikimpa mwingine?”

“Hata ukimpa mwingine.”

Mwalimu Mkuu hakumwambia asante, hakumwambia pole, wala hakumwambia kazi ni yako. Alitazama magauni ya kanisani yakikimbia uwanjani. Kisha akampungia mkono mwalimu wa zamu, na kengele ikagongwa.

“Darasa la kwanza,” aliita. “Mstari mmoja. Mbele ya baraza.”

Simu ya Mama Vipimo ililia mfukoni. Shefu. Ikakatika, ikalia tena. Kitinda. Aliizima, akaiweka juu ya kizingiti cha dirisha, akapiga goti moja chini ili awe sawa na kimo cha wa kwanza.

Alikuwa msichana mwenye pengo la meno mawili, gauni limembana kwapani. Mama Vipimo alimzungushia tepu kifuani, akaingiza vidole viwili chini yake kama alivyofanya siku zote.

“Usivute pumzi ndani. Pumua tu kama kawaida. Nani alikushonea hili?”

“Bibi.”

“Bibi amejitahidi. Inua mkono. Haya, geuka.”